Mstari wa Mzee Saturio

Casilda alikuwa amechoka mpaka kope. Tangu Februari alikuwa akipanda kilima kila asubuhi, turubai la kuchorea mgongoni, kwenda kukaa kwenye upepo wa Soria, Hispania, na kuchora shamba moja tu. Sasa ni Aprili, picha imekwisha, na hana hata hamu ya kuitazama. Kesho basi la asubuhi litaipeleka Madrid kwenye maonyesho. Yeye alitaka kulala tu, wiki nzima kama ingewezekana.

Haikuwa picha ya mambo mengi. Udongo mwekundu, anga ya kijivu, na mistari ya plau ikishuka kutoka juu. Kule chini mstari mmoja uliyumba, ukapinda kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, halafu ukarudi kwa wenzake. Huo ndio uliomkalisha pale miezi yote. Bila huo, ni udongo tu. Nyuma ya picha alikuwa ameandika: Shamba la Saturio, 1954.

Mlango ukagongwa. Mzee Saturio mwenyewe, kofia mkononi, viatu vimejaa tope.

“Karibu, mzee. Sogea motoni.”

“Sikai, binti. Nimekuja kugombana.”

“Basi gombana ukiwa umekaa. Mimi kusimama siwezi.”

Mzee akakaa. Akamiminiwa divai, akaisukuma pembeni, na hapo Casilda akajua kweli kuna neno.

“Wanasema umenichora nalima kombo.”

“Nani anasema?”

“Heliodoro na genge lake la kilabuni. Juzi walichungulia dirishani kwako. Tangu siku hiyo nikiingia tu wananiuliza kama plau langu nalo linakunywa.”

Casilda alitaka kucheka, akajizuia. Pale kijijini, kila Jumapili baada ya misa wanaume husimama kwenye ukuta wa kanisa wakisoma mashamba ya wenzao, mstari kwa mstari. Aliyelima kombo mara moja huitwa kombo mpaka anazikwa. Saturio hajawahi kusemwa. Miaka hamsini, mistari yake kama imepigwa kamba. Shamba hili liko nyuma ya kilima, ukutani halionekani, na sasa limeshalimwa tena. Mstari ule ulibaki kwenye picha peke yake.

“Ninyooshee, binti,” mzee akasema. “Au futa jina langu. Chagua.”

“Mzee wangu, mimi nimechora nilichokiona.”

“Uliona vibaya.”

“Haya, nionyeshe nilipokosea.”

Saturio akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akanyoosha kidole. “Hapa!”

Pale mstari ulikuwa umenyooka kabisa.

Casilda akamtazama usoni, akayaona macho yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Yalikuwa na utando mweupe. Mzee huyu hajauona mstari wenyewe. Hakuuona hata siku alipoulima.

Casilda akainuka. Akachukua brashi safi, kavu, akaipitisha taratibu juu ya turubai.

“Tayari. Umenyooka.”

Saturio akatikisa kichwa.

“Brashi haina rangi hiyo.”

“Mzee...”

“Miaka hamsini natembea nyuma ya plau. Chuma kikipita juu juu bila kuingia udongoni, nasikia. Usinidanganye kwenye kazi, binti. Demetria ananitosha. Kila siku mke wangu ananiambia supu ina nyama.”

Casilda akaona aibu. Aliweka brashi mezani na kukaa. Kuni zilikuwa zinalia motoni.

“Umepinda sana?” mzee akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Casilda akainuka, akamshika kidole. Rangi pale chini ilikuwa nene, bado mbichi. Akakiweka juu ya mstari, akakitembeza polepole.

“Hapa umenyooka. Bado. Bado. Hapa unaanza kwenda.”

“Aa.”

“Unakwenda, unakwenda...”

“Kumbe mbali hivi,” Saturio akasema. “Baghala wa plau alinivuta, nikadhani ni jiwe. Nilijua nimemrudisha palepale.” Akasimamisha kidole. “Na unarudi?”

“Unarudi. Hapa.”

Mzee akaurudia mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akafika mwisho.

“Basi plau sikuliachia.”

“Hukuliachia.”

“Demetria anajua habari ya macho,” akasema. “Hasemi. Na mimi habari ya nyama sisemi.”

“Jina nilifute?”

Saturio akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

“Liache. Ila wakikuuliza huko Madrid, waambie jua lilikuwa linanipiga machoni.”

“Mzee, kwenye picha ni mawingu matupu.”

“Basi sema ukungu,” akasema, akipapasa kizingiti. “Huo hata si uongo.”

Alitoka huku kidole chenye rangi nyekundu amekiweka mbali na koti, Demetria asije akapiga kelele.

Casilda akaitazama picha. Kidole kilikuwa kimeupanua mstari, na pale unaporudi paliachwa alama nene ya kidole cha mkulima, maana mwishoni alikuwa ameegemea kabisa. Ingemchukua dakika tano kuiondoa. Akaosha mikono, akaenda kulala.