Anayetajwa Kwanza

Basi la Singida mjini lilifika Iguguno saa tatu asubuhi, na abiria walioshuka waliagiza chai, kisha wakauliza zinapouzwa mbegu za alizeti. Kwa yote mawili walimwendea Elizabeti, mwenye kibanda cha chai pale kituoni. Ilikuwa mwaka 1993. Biashara imefunguliwa, kila mwenye mtaji anauza anachotaka, na wakulima hawajui tena waende kwa nani. Elizabeti alijua. Tena watu wa huku wana adabu iliyopitiliza: ukishaelekezwa, kuuliza mwingine ni kumwita mwenzio mwongo. Aliyetajwa kwanza ndiye aliyeuza.

Siku zote alimtaja Obadia, mwenye duka la mbegu hapo jirani. Mzee huyo alikuwa akichota mbegu chache za kila gunia, anazifunga kwenye kitambaa chenye maji, na zisipochipua hauzi.

Halafu akaja Gerald, kijana mwenye duka jipya la mbegu, na bati nne begani.

"Shikamoo mama. Hizi za kuezekea kibanda. Unanyeshewa bure hapa."

"Marahaba. Na wewe unataka nini?"

"Mtu akiuliza mbegu, nitaje mimi kwanza. Mzee Obadia mtaje baadaye. Hapo uongo uko wapi?"

Elizabeti hakuuona uongo. Aliona bati.

Kesho yake duka la Gerald lilikuwa limesogea hatua kumi kuelekea barabarani, pamoja na msingi wake na mpapai wa uani, na la Obadia limerudi nyuma hatua kumi. Mwenyekiti wa kijiji akaja na kamba, akapima, akaandika, akanywa chai. Kila Gerald alipotajwa, maduka yalisogea tena. La Obadia likavuka mahindi ya jirani, likavuka korongo, mpaka likawa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mkewe alilalamika tu kwamba kisima sasa kiko mbali.

Elizabeti hakuwa mjinga. Mbegu za Gerald zilikuwa zile zilizokataliwa kwenye mashine ya kukamua mafuta, zimepakwa rangi nyekundu zifanane na zilizotiwa dawa. Shambani kwake mwenyewe alipanda za Obadia. Alizifuata Jumapili baada ya ibada na kurudi kesho yake kwa njia ya nyuma, akiona aibu hata mbele ya mbuzi wa watu.

Msimu ule alishuka Luciana, mjane kutoka kijiji cha Mgori, aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili apande alizeti. Elizabeti akamtaja Gerald. Jina la Obadia alilitamka pia, lakini mama wa watu alikuwa ameshainuka, ameshashukuru, anakwenda.

Mwaka uliofuata Luciana akashuka tena, amekonda, na kandambili za rangi mbili tofauti.

"Shikamoo mama," Elizabeti alisema. "Zile mbegu..."

"Marahaba, mwanangu. Hazikuota hata moja." Luciana akaketi kwenye benchi. "Wewe ulinielekeza vizuri. Shamba ndilo limenikataa. Nadhani marehemu mume wangu ana kinyongo na mimi. Safari hii nimeazima shamba la kaka yangu. Nimeuza kitanda. Bado ni kwa Gerald?"

Elizabeti alifungua mdomo amtaje Obadia. Akafikiria ile nusu siku na miguu ile. Akafikiria pia swali ambalo lingefuata: kwa nini hukuniambia mwaka jana?

"Bado," alisema. "Kwa Gerald."

Bati zikagongana kidogo juu ya vichwa vyao. Duka lilikuwa limesogea hatua zake kumi za mwisho, na dirisha lake sasa lilifungukia nyuma ya bega la Elizabeti. Luciana hakuhitaji kuinuka. Gerald aliutoa mfuko dirishani, Elizabeti akaupokea kwa mikono miwili na kumpa mama.

Kisha akammiminia chai na kukataa malipo. Luciana alimshukuru mara mbili, kwa chai na kwa mbegu.