Miaka Mingapi Ungetoa

Siku majibu yalipotoka, mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwita Hesabu alipaswa kushangilia. Muuguzi mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, alimkalisha bega kwa bega na dada yake mkubwa akawaeleza polepole. Kasoro ya kurithi, ile iliyomletea mama yao saratani ya matiti ikamuua, humpata mtoto kwa bahati tu, nusu kwa nusu. Dada alikuwa nayo, Hesabu, mdogo wake, hakuwa nayo. Dada alikuwa mzima bado, hana hata uvimbe wa kusingizia, lakini uwezekano wa kuugua ulikuwa mkubwa mno. Kinga ya uhakika kuliko zote ilikuwa kuondoa matiti sasa, kabla hayajaharibika.

Hesabu akamshika Dada mkono, kama inavyopaswa. Na ndani ya moyo wake, pale ambapo mtu mwema angepata huruma, aliona wivu. Ndiyo, wivu. Kama unataka kushangaa, subiri kwanza umjue.

Tangu utotoni Dada na mama walifanana kama shilingi kwa ya pili. Kicheko kilekile cha kujaza nyumba, macho yaleyale, hata namna ya kuweka mkono kiunoni wakigombeza. Wakati wa msiba watu walimkumbatia Dada na kulia, "Jamani, mama yenu huyu hapa!" Wakimfikia Hesabu waliuliza, "Na huyu ni nani?" Alikuwa na pua ya baba, na ukimya wake hakuna aliyejua aliutoa wapi. Mama alipougua, siri zake zote zilikwenda kwa Dada. Hesabu aliachiwa vidonge na saa ya kuvimezea. Na sasa hata ugonjwa wamegawana wao wawili. Mama alikuwa na kitu kimoja cha kuwarithisha mwilini, na hicho nacho akampa yuleyule.

Jina la Hesabu alibandikwa na shemeji yake, mume wa Dada, mtu wa utani. Alimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kukadiria gharama katika mfuko wa bima ya afya. Tiba mpya ikiletwa, yeye hupima itagharimu nini na itaokoa nini, kisha anaishauri kamati iilipie au iiache. Majuma machache baada ya majibu yale, mkuu wa kitengo alisimama mezani kwake na swali jipya. Je, mfuko uwalipie upasuaji wanawake wenye kasoro ya kurithi ambao bado hawajaugua?

"Wakubwa wanaguna," mkuu alisema. "Wanasema, mtu mzima wa afya tumlipie apasuliwe kwa lipi? Niletee hesabu, mama."

Dada alikuwa mwalimu wa sekondari, na walimu wote walikuwa wanachama wa mfuko huo. Mfuko ukikataa, upasuaji ulikuwa ndoto. Mshahara wa mwalimu, hata ukijumlisha na wa shemeji aliyekuwa fundi wa majokofu, usingewafikisha hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hesabu alijua hayo yote. Alipaswa kusema palepale, "Mzee, hili linamgusa ndugu yangu, mpe mwingine." Hakusema. Alijidanganya eti kazi ikiwa mikononi mwake itakwenda haraka.

Sehemu kubwa ya kazi ilikwenda vizuri. Aliweka upande mmoja gharama za kumtibu mwanamke aliyekwisha kuugua, yaani dawa za kutoneshewa mshipani, mionzi na kulazwa tena na tena. Upande wa pili aliweka upasuaji mmoja wa kuzuia. Upasuaji ukaongoza bila ubishi. Likabaki jambo moja. Maisha baada ya kupasuliwa ni maisha ya namna gani? Hapo wakadiriaji wana swali lao. Humwuliza mtu: ukiwa na miaka kumi ya kuishi bila matiti, ungekubali kutoa miaka mingapi kati ya hiyo ili iliyobaki uishi na mwili wako kamili? Akitoa mingi, maana yake maisha hayo yanamwelemea, na thamani ya upasuaji inashuka.

Swali hilo huulizwa wanawake waliokwisha kupasuliwa. Lakini kuwapata ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo kitengo kilikuwa na mazoea yake. Mkadiriaji hujaza jibu lake mwenyewe kwanza, la kushikia nafasi, aone kama mahesabu yanatembea. Kila mtu alifanya hivyo, kisha akalifuta majibu ya kweli yalipofika.

Hesabu alifumba macho ajibu. Hakujiona yeye. Alimwona Dada akiingia ukumbi wa harusi na gauni lililombana vizuri, shingo za wanaume zikigeuka, shemeji naye nyuma yake akijidai kama vile ndiye aliyemshona. Bila kifua kile, Dada atakuwa nani? Akajibu kwa niaba yake: minne.

Mahesabu yakageuka. Upasuaji ukaonekana hasara tupu. Ungetegemea roho imruke, lakini ilitulia, kama mtu aliyekuna mahali palipokuwa pakimwasha siku nzima. Akaandika ripoti na ile minne yake ndani, akaiacha tayari kwa kamati ya Jumatatu.

Jumamosi alikwenda kwa Dada. Nyumba ilikuwa imefurika. Shangazi wawili walikuwa jikoni wakigombania sufuria, shemeji akipiga pasi sare za watoto, majirani wakiingia na vyombo vilivyofunikwa na kutoka mikono mitupu.

"Hesabu, afadhali umekuja," alisema shangazi mkubwa. "Kuna vyombo."

Akasugua vyombo huku roho ikimuuma. Yeye alipopasuliwa kidole tumbo aliletewa machungwa tu, tena na mtu aliyekosea wodi. Huyu hata hajaugua, na ukoo mzima umehamia kwake! Sasa akilazwa kweli si watafunga barabara?

Dada akamwita chumbani. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, ameshika soksi zilizokunjwa.

"Za shemeji yako," alisema. "Nikipasuliwa naweka hizi. Siku ya harusi naongeza jozi." Akacheka kile kicheko cha mama, halafu akaacha ghafla. "Mfuko wenu unasemaje, mdogo wangu? Usiku silali. Kila nikijigusa naona nimegusa uvimbe."

"Jumatatu wanakaa." Hesabu alifunga mlango. "Dada, nikuulize kitu cha kazini."

"Uliza. Ila usinichoree jedwali."

Akamwuliza lile swali, neno kwa neno kama wanavyouliza. Dada alimtazama kama mwanafunzi aliyejibu upuuzi.

"Nitoe miaka? Nimpe nani?"

"Ni swali tu. Mingapi?"

"Sitoi. Hata wiki sitoi! Kuna watu wanatoa?" Akakaa kitandani na soksi zake. "Mama siku zile za mwisho aliniambia, angepewa mwaka mmoja tu angeacha matiti yote mawili na mikono juu yake. Alitaka akuone umevaa joho la chuo."

"Hakuniambia mimi."

"Angekuambia saa ngapi? Ulikuwa umemkalia kooni na vidonge vyako."

Kitu cha kwanza Hesabu alichohisi, hata hapo, kilikuwa kijicho kwamba maneno hayo yaliambiwa Dada. Ndipo akaikumbuka ile minne. Mwanamke huyu hakutaka kutoa wiki moja, na yeye alikuwa ameshamtolea miaka minne kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwuliza. Alitoka chumbani akamaliza vyombo vilivyobaki, na hakuna aliyemwona akilia juu ya masufuria.

Jumatatu asubuhi alimwendea mkuu kabla kamati haijakaa. Alimwambia kwamba ripoti inamhusu ndugu yake na kwamba jibu lililomo alilijaza yeye mwenyewe, si la waliopasuliwa. Mkuu alimfokea mpaka ofisi ya pili ikasikia, akampa onyo, akamkabidhi kazi mkadiriaji mwingine, kijana makini asiyependa mzaha. Kamati iliahirishwa, na Dada akaendelea kukosa usingizi bila kujua kwa nini imeahirishwa. Kijana alizunguka kliniki akawauliza wanawake waliopasuliwa. Wachache walitoa miezi, mmoja alitoa mwaka, na wengi walimjibu kama Dada, baadhi kwa matusi. Upasuaji ukaonekana nafuu kuliko kungoja ugonjwa, na mfuko ukakubali kulipa.

Dada alipasuliwa. Jioni yake Hesabu alikaa kando ya kitanda, amewatangulia shangazi wote. Kifua cha Dada kilikuwa kimefungwa bandeji, bapa kama cha mtoto, na uso wake ulikuwa umesawijika. Hesabu alikuwa amepiga moyo konde. Atamwambia kuhusu ile minne, liwalo na liwe.

"Dada, kuna jambo."

"Ngoja nianze mimi," Dada alisema, ulimi mzito. "Dawa ikiniisha nitaona aibu. Siku ile ya majibu uliponishika mkono, nilitaka kukuvunja vidole. Nilijiuliza kwa nini upone wewe. Na leo asubuhi wakinisukuma kuingia ndani nikakuona umesimama pale, mzima, na kifua chako. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Wivu wa kukuchukia kabisa. Nisamehe."

Hesabu alifungua mdomo. Maungamo yake yalikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, yakarudi yalikotoka. Kifuani kulikuwa kunampanda joto, tamu ajabu, na akajua kwamba ni furaha. Akasogeza kiti mpaka kikagonga chuma cha kitanda, akamwinamia.

"Sikusikia vizuri, Dada," alisema. "Ulinionea nini?"