Jiwe Lililokuwa Chini ya Sakafu

Mama yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea alikijenga marehemu baba, ukuta ukigusana na uzio uliotutenga na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Kwa miaka tisa mwalimu alilalamika kwamba uzio ule umeingia kwake. Mama hakumumunya maneno: alimwita mwizi wa ardhi mbele ya wateja, mchana kweupe. Mwalimu alifariki mwaka jana. Hatukwenda kumzika.

Mama alipotaka kuandikisha kiwanja kwa jina langu, alimwita mpima ardhi. "Aje tu aweke mawe ya mpaka kwenye uzio, tumalize," aliniambia.

Akaja mwanamke mfupi, buti zimejaa vumbi. Uzio hakuutazama hata kidogo. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akakunjua ramani, akatafuta mawe ya mpaka. Matatu yalionekana majanini. La nne likamwingiza kwenye chumba cha kushonea.

"Samahani mama, tusogeze cherehani."

Tukavunja sakafu kidogo. Lilikuwepo, na namba yake.

"Lakini uzio tuliukuta palepale!" Mama alisema.

"Aliyeujenga alikadiria kwa macho. Mpaka ni huu ulioandikwa kwenye ramani."

"Kwani nani amekuita hapa? Si mimi?"

"Ni wewe, mama. Lakini mimi sigawi ardhi. Hata angeniita jirani, jiwe ningelikuta hapahapa."

Mama aliegemea ukuta. "Kwa hiyo kiasi gani ni chake?"

"Karibu chumba chote."

Mpima alipotuachia nakala ya ramani na kuondoka, nilimshauri Mama tulifukie jiwe, tunyamaze, nani angejua? Alinitazama kama mtoto wa mtu mwingine. Jioni hiyohiyo alijifunga kanga, akachukua ile nakala, tukaenda kwa mjane wa mwalimu.

Mjane aliipokea karatasi bila kuisoma.

"Mume wangu hakuwa na shida na hatua mbili za ardhi," alisema. "Lile neno ndilo lililomkaa kooni. Aliacha hata kupita mtaa wenu."

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Mimi hukuniita mwizi. Na uliyemwita hayupo."

Mama alipiga magoti. Mjane akamwinua kwa mkono, lakini hakumkaribisha kukaa.

Kesho yake wateja walipojaa, Mama alizima redio, akawaambia: mwalimu alikuwa anasema kweli, mwenye makosa ni mimi. Mmoja alicheka akidhani ni utani.

Mjane alituma ujumbe kwamba chumba kisibomolewe, Mama aendelee kukitumia. Mama alishukuru, akakibomoa. Tofali zilizopona alizipanga upande wetu. Siku hizi anashonea sebuleni. Wakati mwingine nikiwa jikoni nasikia cherehani imesimama, na siendi kuuliza.