Fungu la Mvuta Kamba

Kila alfajiri spika ya kijiji iliwaamsha watu. Mwanamume mmoja alitangaza hali ya bahari, saa ya meli, na nani amefiwa. Laurette hakuelewa hata nusu, lakini aliipenda sauti ile. Kwao Makobola, kijiji cha kando ya ziwa kwenye barabara ya Fizi, habari kama hizo zilipita midomoni mwa wanawake bombani. Kwenye kisiwa hiki kidogo cha Korea waliitundika spika juu ya nguzo, habari ikamfikia hata mgeni.

Huu ulikuwa msimu wake wa pili wa kuanika samaki katika banda la ushirika. Vita vilimtoa kwao, na karatasi ya kukaa hapa ilitaka awe na mwajiri. Bila kazi, hakuna karatasi. Bila karatasi, binti yake Délice, aliyebaki mtaa wa Songo, Uvira, kwa mama yake mkubwa, angemngoja mpaka asahau sura yake.

Mengine aliyapokea kama mtoto anayeonja tunda jipya. Bibi wa hapa wote walisokota nywele kwa namna moja. Dukani hakuna aliyebishana bei. Maji ya bahari aliyaonja siku ya kwanza, akatema, akacheka: maji mengi hivi, na huwezi kuyapikia. Lakini samaki walipomwagwa mbele yake, aliinama kuwatazama. Wadogo, weupe kama fedha. Ndagala kabisa, dagaa wa ziwa la kwao.

Asubuhi moja wavu wa ushirika ulivutwa ufukweni kwa mikono, na watu walikuwa wachache. Laurette hakungoja kuitwa. Alishika kamba nyuma ya mwanika samaki mzee ambaye wote walimwita Halmoni, yaani bibi, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Wavu ulipotua, alichota samaki mikono miwili, akawafunga kwenye pembe ya kitenge, akaenda zake kazini akiimba.

Hakufika mbali. Mlinzi alimshika mkono, akampeleka ofisini.

"Mama Délice, umefanya nini?" aliuliza Sumaya, mwenzake wa chumba, mtoto wa wachuuzi Waislamu wa Uvira. Alikuwa amekaa Korea zaidi na alijua lugha, ndiyo maana aliitwa aje kutafsiri.

"Nimebeba fungu langu. Si nimevuta?"

"Weye unazani huku ni Makobola?"

"Kamba iko kamba, mudogo wangu. Angalia mikono."

Bwana Pak, msimamizi, hakupiga kelele. Aliwapa kahawa kwanza, kwenye vikombe vya karatasi, na Laurette akashukuru kwa kuinama kama alivyofundishwa.

"Anauliza kama unakosa chakula," alitafsiri Sumaya.

"Mwambie chakula kiko."

"Sasa samaki ya nini?"

"Kwetu ukisaidia kuvuta, unachota mwenyewe. Ukiomba, unamutukana mwenye wavu. Ni kama unasema iko na roho ya kunyima."

Sumaya alieleza kwa muda mrefu. Bwana Pak alisikiliza, hata akauliza swali moja au mawili, kama mtu aliyependezwa. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema hiyo desturi iko nzuri. Lakini useme uliiba, uombe pardon. Ukikataa, anakutoa kwa kazi."

Laurette alitazama kahawa. Akilini alimwona Délice, akauona na mlango wa kufukuzwa.

"Mama, sema tu. Neno haliui muntu."

"Hili linaua. Mwambie nilichukua. Kuiba, minye sikuiba."

Nje samaki walikuwa wakingoja na jua lilikuwa likipanda. Bwana Pak alichungulia dirishani, akahesabu mikono ya kazi aliyonayo, akapumua. Arudi kazini, alisema. Ila kuanzia leo wageni wafungue mifuko getini jioni.

"Wageni tu?" aliuliza Sumaya.

Wageni tu.

Jioni ile walipanga mstari: Waindonesia, Wasri Lanka, na wao wawili. Wanawake wa kijiji, wenzao wa bandani, walipita pembeni wakiangalia chini. Hakuna aliyemlaumu Laurette kwa sauti. Mwindonesia mmoja alimsogezea ndoo akae, maana alikuwa amesimama siku nzima.

"Ningejua, ningefua soksi," alisema Sumaya. "Sasa kisiwa chote kitazisikia harufu."

Laurette alitaka kucheka, ikashindikana. Mlinzi alikuwa ametoa mkeka wa Sumaya wa kuswalia, akaukung'uta kama anatafuta samaki ndani. Sumaya aliupokea, akaukunja taratibu, akajikaza. Neno alilolikataa Laurette ofisini, sasa kila mmoja alikuwa akilibeba kidogo.

Zamu yake ilipokaribia, alisikia mtu akihema nyuma yake. Ni Halmoni. Alikuwa ameacha wenzake njiani, akarudi na magoti yake mabovu. Alifungua mfuko wake: figili mbili, glavu, dawa ya kuchua.

Mlinzi, kijana ambaye Halmoni alimbeba mgongoni akiwa mchanga, alicheka kwa aibu, akamwashiria apite kando.

Halmoni alitikisa kichwa. Akausukuma mbele mfuko uliofunguliwa, akangoja akaguliwe kama wageni. Kijana aliweka mikono nyuma, akageukia ofisini kutafuta wa kumuuliza. Taa ya ofisi ilikuwa imezimwa, na mstari ulikuwa umesimama.