Mwanne Asuka Mota

Rachid alisuka mota za umeme, akizifunga upya waya zilizoungua, pale mtaani Buyenzi kwa miaka thelathini na moja, mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Wakati akingoja upasuaji, hakutaka kuifunga karakana yake. Kila asubuhi mkewe, Mwanne, alimshika mkono wakatembea mpaka pale, wakafungua mlango, na wateja wakaelekezwa kwa fundi jirani.

Siku moja, fundi jirani akiwa hayupo, akaja Gélase, mwenye kinu cha mihogo huko Ngagara. Mota yake ilinguruma bila kuzunguka. Rachid akamwomba Mwanne aiwashe, kisha ausukume mhimili kwa kijiti. Ukashika mwendo. Wakaizima, wakaiwasha tena. Akausukuma upande wa pili, nao ukaenda huko.

"Koili kubwa ni nzima," Rachid akasema. "Ile ndogo ya kuanzishia ndiyo imeungua. Utaisuka we."

"Apana," Mwanne akasema. "Mi nimeangalia tu miaka yote."

Rachid akamweleza taratibu, akimshika vidole. Sumaku ya koili kubwa peke yake hupanda na kushuka palepale, haiipeleki rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, kulia wala kushoto. Koili ndogo, ikiwa na kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, huvuta ikitangulia kidogo, na hapo mvuto unaanza kuzunguka ndani ya mota. Rota nayo hugeuka sumaku, ikaufuata.

Mwanne akauliza kwa nini iufuate.

"Sumaku mbili zikikaa mushazari, moja inajipinda ielekee mwenzake. Kule kujipinda ndiko kunasaga unga."

Mwanne alisuka siku mbili. Kila alipomaliza safu ya waya, Rachid aliipapasa kwa ncha za vidole, na mara mbili akamwambia afumue. Walipoijaribu, mota ilizunguka kinyume. Mwanne akainamisha uso, lakini Rachid alikuwa anacheka kwa furaha: ilikuwa imezunguka. Akamwambia abadilishane ncha mbili za koili ndogo tu. Mota ikaenda sawa, kimya, na Rachid akaweka kiganja juu yake.

Macho yalipopona baada ya upasuaji, aliomba aletewe mota zote ambazo mkewe alikuwa ameendelea kuzisuka. Akaziangalia moja moja, kisha akamwangalia yeye.

Siku hizi mteja akiingia kumuulizia fundi, Rachid humwambia angoje, Mwanne ameenda kununua waya.