Mstari Unaoshuka

Miaka mitatu mfululizo mstari mwekundu wa kifua kikuu ulikuwa ukishuka kwenye chati ya wagonjwa ukutani mwa kliniki moja ya Kariakoo. Mganga mkuu aliuonyesha kwa kila mgeni, anachekelea. Nesi Angelina kila akiutazama roho haikutulia. Watu hawajapona, bwana, wameacha kuja! Tangu sukari iadimike mjini, duka la ushirika lilikuwa likifunguliwa saa mbili asubuhi, saa ileile ya kliniki. Nani aache foleni ya sukari aende kutema makohozi kwenye kikopo?

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Akabeba vikopo vyake, huyoo, mpaka dukani Mtaa wa Sikukuu. Foleni ilikuwa imekata kona, watu kwa vikapu na mawe ya kushikia nafasi.

"Jamani, nani anakohoa? Tema humu tu, nafasi yako haipotei."

Mzee Kitwana, mgonjwa wake wa mwaka juzi, alitazama pembeni, midomo ameibana, mishipa ya shingo imemsimama. Anayekohoa hufukuzwa foleni, wote walijua.

Ndipo kikohozi kikasikika, kirefu, kizito. Kilitoka ndani ya duka. Muuzaji alikuwa ameinamia gunia la sukari, anapima.

Wote walisikia. Hakuna aliyetoka foleni.

Angelina alipiga hatua kumfuata yule muuzaji. Halafu akakiona kikapu chake mwenyewe, cha nne kutoka mlangoni, alichokiweka alfajiri. Foleni ikasogea. Akakiokota, akasogea nayo.