Nguzo Isiyotajwa

Atupele anasinzia saa tisa alasiri, shavu juu ya kitabu cha mazoezi, huku mdogo wake Tupokigwe akimpigia pasi gauni la kesho. Kesho ni mara ya tatu, na ya mwisho anayoruhusiwa, kufanya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili. Maswali ya kupima hoja ndiyo yaliyomwangusha mara zote mbili. Dada, pumzika basi, anasema Tupokigwe, na sauti yake inarefuka, inarefuka, inakuwa barabara, na Atupele anaikanyaga. Barabara inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena, mpaka mji wa nyumba za vioo, kila nyumba ina hoja ukutani, na mlangoni pa nyumba ya kwanza amesimama mwenyeji asiye na uso. Atupele anasoma: Wachuuzi wamejaza miavuli sokoni, kwa hiyo mvua itanyesha. Chini ya sakafu zimo nguzo tano za chokaa, kila moja ina dhana yake. Ipi inaibeba? anauliza mwenyeji. Atupele, kichwa kigumu hana, ana pupa tu, anarukia iliyoandikwa mvua hulowesha. Hii ni kweli tupu, anajitetea. Kweli ni kweli, anajibu mwenyeji, ila ing'oe uone. Anaing'oa. Nyumba haitikisiki hata kidogo. Anaona haya, maana ndivyo alivyokosea siku zote, kukimbilia jibu la kweli na kuliacha jibu linalobeba. Anaivuta nyingine, wachuuzi hujua mvua inapokuja, anaivuta kidogo tu, na dari inalia. Ni hii, anasema. Mwenyeji anatangulia nyumba ya pili.

Basi anang'oa na kurudisha, nyumba hadi nyumba, bandu bandu huisha gogo, mkono unazoea, mpaka nyumba ambayo kioo chake kina uso wake mwenyewe. Ukutani: Atupele alifeli mara mbili, kwa hiyo kesho atafeli. Humu ndimo alimoishi muda wote huu. Hii ni imara, ananong'ona. Nguzo yake iko wapi? Unaniuliza mimi, anasema mwenyeji, kwani mimi ndiye niliyeijenga? Atupele anapiga magoti, anapapasa, anaishika, maandishi yamechongwa ndani ndani na anayasoma kwa vidole: Atakayeketi kesho ni yule yule wa mwaka jana. Anaing'oa. Nyumba inashuka taratibu, bila kishindo, chokaa inamwagika mikononi mwake.

Anafumbua macho. Pasi inafuka mvuke. Lakini dada, anasema Tupokigwe akiwa amempa mgongo, umeshafeli mara mbili, safari hii kuna kipya gani? Mimi, anajibu Atupele. Viganja vyake ni vyeupe kwa chokaa, naye anangoja, bila wasiwasi, mdogo wake ageuke, aone kama Tupokigwe ana uso au ndiye yule mwenyeji.